Sauti ya Chini ya Heldi Vaarpuu

Heldi Vaarpuu alipoteza sauti yake mwezi Machi mwaka 1997, na ilipofika Mei kila mtu Estonia alikuwa ameshaamua yeye afanye nini. Magazeti yalitaka astaafu kwa heshima. Kampuni yake ya muziki ilitaka anyamaze lakini aendelee na kazi. Mama yake alitaka arudi nyumbani akapande viazi. Mimi pia nilikuwa na langu, na nitalisema, ingawa halinipi sifa.

Jina langu ni Ago. Nilimpigia Heldi kodiani na kinanda tangu mwaka 1979, tulipokuwa vijana wa kuzungushwa kwenye basi bovu kutoka ukumbi wa shamba moja la ushirika hadi jingine. Yeye ni binti wa mkamua ng'ombe wa Tõrva, huko kusini. Hakusomea muziki popote. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, inayopanda kama moshi siku isiyo na upepo. Wimbo uliomtoa uliitwa "Theluji ya Aprili", na mwisho wake ulikuwa na noti moja ya juu mno, aliyoishikilia mpaka watu wakasahau kupumua. Wenyewe waliiita "ile ya juu". Wanawake waliijaribu jikoni wakikaanga samaki, wanaume waliijaribu ndani ya sauna, wote wakashindwa, na kule kushindwa kukawa nusu ya raha. Nchi yetu ina watu milioni moja na nusu, na karibu kila mmoja amewahi kusimama kwenye kwaya. Ukipendwa hapa umependwa na watu wanaojua kuimba, na watu wa aina hiyo hawasamehe haraka.

Shingoni mwake kuliota uvimbe. Daktari alimweleza mapema, bila kuzungukazunguka, kwamba uvimbe umeukumbatia mshipa unaoendesha sauti. Kuuacha ni hatari, kuutoa ni kubahatisha. Ulitolewa, naye akapona. Alipozinduka aliomba maji, na muuguzi akageuka kutazama ni mwanamume gani aliyeingia wodini. Hilo alinisimulia mwenyewe, akilicheka kwa sauti ile mpya, nzito, yenye mikwaruzo, kama gunia linaloburutwa juu ya sakafu ya mbao.

Tatizo ni kwamba kampuni ilikuwa imeshatangaza ziara ya kiangazi. Miji kumi na minne, kuanzia ufukweni Pärnu. Mkurugenzi alikuwa Tarvo Laanemäe, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye simu mbili na viatu vyeupe. Alituita ofisini kwake Tallinn, mji mkuu.

"Mama Heldi, hakuna kilichoharibika," alisema. "Kanda tunazo. Zile za mwaka themanini na nne tumezisafisha, zinang'aa. Wewe utasimama, utatabasamu, utafungua mdomo. Siku hizi wote wanafanya hivyo."

"Kufungua mdomo hata samaki anafungua," Heldi alisema.

"Watu hawatajua."

"Mimi nitajua. Wewe unajua. Na huyu Ago, ambaye hawezi kuficha hata alichokula mchana, ameshajua. Hapo tayari tumekuwa kijiji."

Tarvo alicheka kidogo, kisha akanigeukia. "Mzee Ago, hebu ongea naye."

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Vijana walikuwa wakitengeneza muziki kwa kompyuta, na simu ya nyumbani kwangu ilikuwa haijalia tangu vuli isipokuwa watu waliokosea namba. Nilimwambia, "Heldi, ni kiangazi kimoja tu. Wape watu kile wanachokikumbuka, basi."

"Hata wewe," alisema. Halikuwa swali.

Akasimama, akavaa koti lake. "Pärnu nitakuja, Tarvo, kwa sababu mmeshanitangaza na watu wamepanga safari. Ila nitaimba kwa sauti niliyo nayo. Kama hutaki, futa leo hii, mbele yangu."

"Basi, basi," Tarvo alisema upesi. "Utakavyo wewe, mama."

"Na usiniite mama. Ningekuzaa mimi usingekuwa mwongo wa kiwango cha chini namna hiyo."

Kwa siku kumi hakunipigia simu. Siku ya kumi na moja alinipigia. "Njoo Tõrva na kodiani," alisema. "Ukija na ushauri, uache kwenye gari."

Nilienda. Mama yake, Alviine, alikuwa na miaka sabini na mitatu, mgongo umepinda kwa miaka mingi ya kuinama chini ya ng'ombe. Alinipa mkate mweusi na maziwa ya mgando, akanionyesha kiti cha jikoni, kisha akakaa mlangoni na beseni lake la viazi ili asikose kitu.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sitapamba. Sauti ilidumu nyimbo mbili, wimbo wa tatu ikawa hewa tupu. Ikikata, Heldi aliandika kwenye daftari la shule alichotaka nifanye: shusha wimbo chini, bado, shusha tena. Nyimbo nilizozipiga miaka kumi na minane vidole vyangu vilizikataa kule chini. Alviine alisikiliza mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Huo si uimbaji, mwanangu. Huo ni mlango wa zizi."

"Zizi lina ng'ombe ndani, mama," Heldi alijibu. "Lazima lifunguliwe."

"Ng'ombe wenyewe walishauzwa tangu ushirika ulipovunjika."

"Basi nitaimba waliouziwa wasikie."

Bibi kizee akatikisa kichwa na kurudia viazi vyake. Lakini Heldi hakuwa anacheza. Kila asubuhi aliamka, akaenda mpaka ziwani na kurudi kwa miguu, akanywa chai ya maua ya porini iliyomchukiza, akaanza upya. Alikuwa anaichunguza sauti ile kama mtu aliyehamia nyumba ndogo baada ya kuzoea kubwa: hapa pananitosha, pale nitagonga kichwa. Wiki ya pili aligundua kwamba akiacha kuisukuma ilikaa zaidi. Wiki ya tatu aligundua kwamba mikwaruzo ikifuata maneno, na si kuyatangulia, mtu husogeza kiti karibu ili asikie.

Nilijua jambo limebadilika siku tulipojaribu "Theluji ya Aprili" huko chini kabisa. Zamani ulikuwa wimbo wa msichana anayefurahia theluji iliyochelewa. Maneno ni yaleyale, lakini sasa aliyekuwa akiimba alishaona Aprili arobaini na tano, na alijua theluji ile inaua nini shambani. Tulipofika mahali pa ile ya juu, hakujaribu kuweka kitu chochote pale. Alinyamaza. Nami nikafunga mivukuto ya kodiani. Jikoni ilisikika saa ya ukutani tu, na kisu cha Alviine kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Huo rudia," bibi alisema.

Pärnu ilikuwa Jumamosi ya Julai, saa tisa alasiri, jua kali, upepo unatoka baharini. Watu zaidi ya elfu tano walikaa mchangani na kwenye nyasi, na watoto na baiskeli na vikapu vya samaki wa moshi. Jukwaa lilikuwa jipya, spika zimepangwa kila upande kama kabati za nguo. Tarvo alinipokea kwa kunipigapiga begani, na sikupenda namna alivyokwepa macho yangu. Fundi wa sauti alikuwa Väino, mtu wa zamani aliyefanya kazi nasi tangu enzi za basi bovu. Naye hakunitazama.

Heldi alipanda na gauni la kijani, mikono mitupu, bila ile mikufu ya jukwaani. Watu walisimama. Walipiga makofi mpaka akalazimika kungoja. Aliinua maiki, akanipa ishara, nikavuta kodiani.

Kodiani yangu haikutoka. Spika zilitoa ala za mwaka 1984, na baada ya mstari mmoja ikatoka ile sauti. Nyembamba, safi, ya msichana. Iliruka juu ya vichwa vya watu mpaka baharini. Ufukwe mzima ulipiga kelele za furaha.

Heldi hakufungua mdomo. Alisimama wima kwa mistari miwili, uso umekuwa mwekundu kuanzia shingoni, pale penye kovu. Nilidhani atashuka aondoke. Badala yake aliinama, akaiweka maiki sakafuni taratibu, akaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa na kuketi, miguu ikining'inia, kama mtu anayesubiri basi.

Wimbo ukaendelea bila yeye.

Kelele zilizimika safu kwa safu. Waliokuwa mbele waliona mapema. Walio nyuma waliendelea kucheza mpaka wakaulizana kuna nini. Tarvo alikuwa pembeni ya jukwaa akimpungia mkono asimame, akimpungia Väino aendelee, akimpungia kila mtu. Ilipofika ile ya juu, sauti ya msichana ikapanda na kukaa kule, ndefu, kamili, na Heldi akainua kidole kuionyesha spika, kana kwamba anasema, huyo hapo. Mtu mmoja alicheka. Kisha wakacheka wengi, lakini kicheko cha wasiwasi.

Kanda ilipoisha, alirudi na kuokota maiki. Ilikuwa imezimwa. Alimtazama Väino tu, kule nyuma kwenye mitambo yake. Tarvo alishakimbia hadi pale, na baadaye Väino alinieleza aliambiwa kwamba akiwasha hatapata kazi tena kwenye kampuni ile. Väino alimjibu kwamba ana mashua ya kuvulia samaki, na akawasha.

"Yule mliyemsikia ana miaka thelathini na miwili," Heldi alisema, na sauti yake halisi ikawashtua watu. Niliona mama mmoja akimshika mkono mumewe. "Alikuwa msichana mzuri, nilimpenda. Leo hayupo. Aliyepo ni mimi. Nitaimba nyimbo kumi na mbili. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, asije akawakanyaga wenzake baadaye."

"Turudishie kanda," mwanamume mmoja alisema kwa sauti kubwa kutoka kwenye nyasi.

"Kanda iko dukani, mjomba. Nenda ukaisikilize nyumbani, umevaa soksi."

Waliondoka wengi. Sitasema uongo kwamba aliwateka wote. Wimbo wa kwanza uliwakimbiza, wa pili ukawakimbiza wengine, na miluzi ilipigwa. Yeye aliimba. Kwenye wimbo wa tano sauti ilikatika, akasubiri, ikarudi. Alipofika wa kumi na mbili walibaki labda nusu, nao walikuwa wamesogea mbele, wamekaa karibukaribu mchangani, kimya.

Jumatatu gazeti moja la Tallinn liliandika kwamba kunguru wa Tõrva ameharibu wikendi ya watu. Kampuni ilifuta miji kumi na mitatu iliyobaki. Nilidhani atalia. Alikata picha ya gazeti lile, akanionyesha.

"Unajua kunguru anakaa hapa majira yote ya baridi?" alisema. "Wale ndege wenye sauti nzuri wanakimbilia Afrika."

Vuli ile tulitengeneza mabango yetu wenyewe. Yaliandikwa jina lake, na chini yake: *anaimba kwa sauti iliyobaki*. Tulichukua gari langu la Lada, kodiani kwenye kiti cha nyuma, na tukaanza kuzunguka kwenye kumbi za vijiji, zile zile za zamani, baadhi hazina joto tena, baadhi madirisha yamezibwa kwa mbao. Mahali pa kwanza, karibu na Karksi, walikuja watu kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

"Kumi na tisa," nilimwambia nyuma ya pazia.

"Kwaya nzima hiyo," alisema, akatoka.

Baada ya onyesho wale kumi na tisa hawakutaka kwenda. Mwanamke mmoja, mshona nguo, alimwambia Heldi kwamba zamani aliupenda wimbo wake lakini hakuwahi kuuimba mbele ya watu, kwa sababu ya ile ya juu. "Sasa nauweza," alisema. Na akauimba palepale, amesimama na koti lake, wenzake wakaingia sauti ya pili na ya tatu bila kuambiwa. Ndipo nikaelewa. Miaka kumi na minane tuliwapa kitu cha kushangaa. Sasa tulikuwa tumewapa kitu cha kuimba.

Habari zikatembea, kwa namna zinavyotembea kwetu, kutoka kwaya hadi kwaya. Desemba tulirekodi wimbo ule upya, jikoni kwa Alviine, Väino akiwa na mitambo yake ya kuazima. Tuliupeleka kwenye redio moja iliyokuwa na kipindi cha Jumapili, ambapo wasikilizaji hutuma kadi za posta kuchagua wimbo bora. Mhariri alikataa kuuweka kwenye orodha. Alisema sauti haifikii kiwango, na kwamba nyuma inasikika saa ya ukutani.

Kadi zikaanza kuja hata hivyo. Watu walifuta nyimbo za kwenye orodha na kuandika jina la wimbo ambao redio haikuwahi kuupiga. Mwanzoni mamia. Februari zilikuwa magunia. Kwaya moja kutoka kisiwa cha Hiiumaa ilituma kadi sitini kwa miandiko sitini tofauti, zote zikiwa na maneno mawili tu: *Tunangoja. Upigeni.* Hatimaye mhariri alipiga simu Tõrva, nami nilikuwepo.

"Bi Vaarpuu," alisema, "naomba uwaambie watu wako waache. Hatuna pa kuweka kadi."

"Waambie wewe," Heldi alisema. "Wewe ndiye mwenye redio." Akakata simu na kuendelea kula kabichi yake.

Jumapili iliyofuata waliupiga. Alviine alifungua madirisha yote mawili katikati ya baridi ili majirani wasikie, kisha akamlaumu Heldi kwamba nyumba imepoa. Wiki tatu baadaye wimbo ukawa wa kwanza, na ukakaa huko mpaka theluji ilipoyeyuka. Tarvo alituma maua na mkataba. Maua yaliwekwa kwenye chungu. Mkataba Heldi aliurudisha na neno moja limeandikwa juu ya bahasha: *Samaki.*

Miaka ikaenda. Hakujaza tena ufukwe kama zamani, ila hakukosa ukumbi. Alviine alifariki mwaka 2002, na kwenye mazishi yake Heldi aliimba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Mwaka 2004, mwezi wa Oktoba, daktari mmoja wa Tartu alimwita. Nilimpeleka mimi, kwa sababu siku hiyohiyo tulikuwa na onyesho Elva, jirani tu. Nilikaa garini karibu saa nzima. Alirudi, akafunga mlango, akakaa bila kufunga mkanda.

"Kuna upasuaji mpya," alisema. "Wanaweza kuusogeza ule mshipa uliolala ukae mahali pake. Anasema sauti ingekuwa safi. Si kama zamani, lakini ingepanda."

Nilitumaini, nakiri. "Ile ya juu?"

"Labda si ile yenyewe. Jirani yake."

"Na hii uliyo nayo?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Anasema ukipata ile, hii inaondoka. Huwezi kuwa nazo mbili." Alitazama nje, wanafunzi walikuwa wakipita na baiskeli juu ya majani yaliyoanguka. "Alishangaa nilipouliza. Alisema, Bi Vaarpuu, huo ni ugonjwa, si sauti."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aje Elva saa kumi na mbili jioni auone ugonjwa ukiimba."

Sikucheka. Nilikuwa nimeshajifunza, lakini si yote. "Heldi," nilisema, "hata kufikiria kidogo hutaki?"

"Nimefikiria miaka saba, Ago. Ile ya juu nilizaliwa nayo, kama pua. Sikuifanyia kazi siku moja. Nilikuwa nafungua mdomo na watu wananisifu kwa kitu nisichokijua. Hii nimeitafuta mwenyewe, kiazi kwa kiazi, mbele ya mama yangu akinitukana. Hakuna mtu atakayeniambia ni kasoro." Akavuta mkanda, akaufunga. "Washa gari. Tunachelewa."

Ukumbi wa Elva ulijaa jioni ile mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Daktari hakuja, au kama alikuja hakujionyesha. Katikati ya wimbo wa tatu sauti ilimkatika, kama ilivyokuwa ikifanya mara kwa mara. Heldi hakuomba radhi wala hakunitazama. Alisimama na kungoja. Na watu wale, mamia, wakangoja pamoja naye, bila kukohoa, mpaka ikarudi.